Kusoma Oili

Chupa tatu za maji, za lita 1.5 kila moja, zimesimama juu ya tofali katika jua la saa nne asubuhi. Ya kwanza ina kitu cheusi kama kahawa iliyosahauliwa jikoni. Ya pili ni kama chai ya rangi. Ya tatu imeanza kuwa nyekundu, na ukiiinua usawa wa macho unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Zote zimejazwa kutoka kwenye giaboksi ya gari langu, ndani ya wiki sita. Fundi wangu wa Tunduma hamwagi oili ya mtu kabla mwenyewe hajaiona. "Isome kwanza, mwalimu," huniambia, nami niliyeshika chaki miaka mingi pale Vwawa nachuchumaa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tunduma ni mji wa kupita. Magari ya IT, yaani yanayopita tu kwenda nchi jirani, yanatoka bandari ya Dar es Salaam, yanakata zaidi ya kilomita 900 za barabara ya TANZAM, yanalala hapa kusubiri karatasi, kisha yanavuka kwenda Nakonde na kuishia Lusaka au Lubumbashi. Mengine yametangulia miaka mingi na kubaki kwetu: teksi, gari la daktari, gari la mfanyabiashara wa mahindi. Mengi ni otomatiki, na karibu yote yamefika bila historia. Aliyeyaendesha huko Japani hatumjui, wala hatujui alibadilisha nini na lini.

Fundi huanza kwa kufungua mlango wa dereva na kutafuta stika. Wajapani wana desturi ya kubandika stika ya sevisi, na herufi zake hakuna anayezisoma hapa gereji. Tarakimu zinasomeka. Alipoona stika nyingi zina 17, 20, 22 mahali pa mwaka, alimuuliza dereva mmoja wa IT aliyewahi kufanya kazi na waagizaji magari, akaambiwa kwamba Wajapani huhesabu miaka kwa utawala wa mfalme wao, na hiyo ilikuwa ya mfalme wa wakati ule. Ongeza 1988, basi. Ishirini na mbili ni 2010. Tangu siku hiyo karatasi ile ndogo ikawa cheti cha kuzaliwa cha gari.

Baada ya stika, anasoma oili. Rangi nyekundu haina kazi ndani ya giaboksi. Watengenezaji huitia ili mtu akiona tone chini ya gari ajue limevuja wapi. Lakini ikishageuka kahawia inasema jambo, na ikinuka kama mkate uliobabuka inasema jambo zito zaidi: pleti za klachi zimeungua. Halafu anafungua sampu, bakuli la chini ya giaboksi. Ndani yake zimekaa sumaku ndogo, nazo ndizo anazozipenda kuliko kifaa chochote. Zikiwa na ute wa kijivu laini kama majivu yaliyoloweshwa, huo ni uchakavu wa kawaida wa chuma. Ute huo akiusugua katikati ya vidole viwili na kusikia punje, ananyamaza. Nimejifunza kuogopa ukimya huo.

Oili ya giaboksi ya otomatiki imebebeshwa mzigo usio wa kawaida. Inalainisha, inapoza, inasukuma pistoni zinazobana klachi, na ndani ya konveta ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia, maana pale katikati, kabla gari halijashika mwendo mkubwa, hakuna chuma kilichoshikana na chuma. Tena inatakiwa iteleze kwenye bea na wakati huohuo iruhusu pleti zishikane bila kushtuka. Marekani, giaboksi za namna hii zilianza kuuzwa kwa wingi na General Motors mwishoni mwa 1939, na kwa miaka mingi walipata sifa hiyo ya pili kwa kutia mafuta ya nyangumi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, sheria za kulinda wanyama zilipowalazimu kutafuta kemikali mbadala, kulikuwa na nyangumi kidogo ndani ya magari yao. Nilipomsimulia fundi, aliifuta chupa ya oili mpya kwa tambara taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba wa zamani.

Adui wa oili hiyo ni joto, na mkoa wetu unalo la kutosha hata asubuhi za Juni zikiwa na baridi ya kutuvalisha makoti. Panda mlima Senjele nyuma ya lori lililosheheni, mwendo wa mtu anayetembea. Konveta inateleza, oili inakorogwa, joto linapanda. Mafundi wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 hivi zinazozidi 80 za Selsiasi hupunguza umri wa oili kwa nusu. Kwa hiyo neno la baadhi ya watengenezaji kwamba oili hii ni ya maisha sikubaliani nalo kabisa. Maisha ya nani, na barabara ipi?

Sasa chupa zile tatu. Giaboksi kama yangu huchukua lita 7 na zaidi, lakini ukifungua nati ya chini inatoka karibu nusu tu. Iliyobaki imejificha kwenye konveta na paipu. Wapo wanaotumia mashine ya kusukuma yote kwa mara moja. Fundi wangu hutoa nusu, anapima kilichotoka, anarudisha kiasi hichohicho cha aina ileile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha ananiambia niendeshe wiki mbili tatu. Mara ya kwanza nusu ya oili ni ya zamani, mara ya pili robo, mara ya tatu kama sehemu moja ya nane. Hesabu hii niliwafundisha watoto wa watu kwa machungwa. Na kila akimaliza hapimi papo hapo. Anaendesha mpaka Mpemba na kurudi ili ipate moto, anapitisha gia zote, ndipo anachomoa dipstiki injini ikiunguruma.

Mara hii aliongeza filta ya nje. Ile ya ndani, kwenye Toyota nyingi za umri wa gari langu, ni wavu wa chuma. Unazuia kokoto na kuacha vumbi lipite. Akatafuta hosi mbili zinazokwenda kwenye rejeta, akazigusa kwa mgongo wa kiganja ajue ipi inarudi imepoa, akaikata hiyo na kuunganisha filta yenye karatasi na sumaku, mshale ukielekea giaboksi. Ndani yake kuna vali inayofunguka karatasi ikiziba, ili giaboksi isikose oili. Akakaza klampu, akaweka kidole chini ya kila moja na kusubiri. Kidole kilitoka kikavu.

Naeleza haya kwa sababu gari langu niliwahi kuliumiza mwenyewe. Lilizimika karibu na Senjele, nikakubali livutwe kwa kamba hadi Mlowo, magurudumu yake yote chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezima, gia zinazunguka kavu. Sikujua. Fundi hakunigombeza. Alinionyesha tu punje kwenye sumaku.

Watu husema giaboksi ya zamani ukiibadilishia oili inakufa. Yeye hawabishii. Mwezi uliopita alikuja kijana na gari linaloteleza kila linapoingia gia ya tatu, akaomba oili mpya. Fundi aliendesha mzunguko mmoja, akanusa, akamrudishia hela yake. "Mdogo wangu, pleti zimekwisha. Nikikuwekea oili leo, likisimama kesho utasema nimeliua. Weka hela hii, uje tulifungue." Kijana aliondoka amenuna. Hela ile fundi aliihitaji. Nilikuwa nimekaa pale, nilimsikia asubuhi akizungumzia ada ya shule.

Anachukua chupa ya tatu, anaitikisa, anaielekeza kwenye jua. Kijana anayemsaidia anasogea kutazama naye.

"Unaona nini?"

"Nyekundu, fundi."

"Tazama chini."

Kijana anatazama. Kitako cha chupa kina mstari mwembamba wa kijivu, hafifu kama alama ya penseli iliyofutwa.

"Bado moja, mwalimu," ananiambia. "Njoo baada ya Pasaka."