Jicho Masasi, Mkono Newala

Mita humpa fundi namba. Osiloskopu humwonyesha jinsi umeme unavyokwenda: ulipopanda, uliposhuka, uliposita kidogo kisha ukaendelea. Tangu mwanafizikia wa Ujerumani Karl Ferdinand Braun alipotengeneza bomba lake la miale mwaka 1897, watu wameweza kuutazama umeme ukijichora, na kwa muda mrefu aliyetaka kuuona alilazimika kukaa mbele ya kifaa chenyewe. Siku hizi mchoro ule ule unafunguka kwenye simu ya mtu aliye wilaya nyingine, na vitufe anavibonyeza kwa kidole kutoka huko huko. Ninauona ni ufundi unaostahili sifa, na ninapoufikiria huwa nafikiria Masasi na Newala.

Masasi iko chini, katikati ya vilima vyake vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote hadi ng'ambo, Msumbiji. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi ina kilomita 210. Fundi wa Newala anayebeba redio ya mteja kwenda kuomba ushauri kwa mwenye uzoefu Masasi anapoteza nauli na siku ya kazi, na huenda kifaa kikafika na ubovu wa pili kwa mtikisiko wa njiani.

Chukua sabufa ya kawaida, ile inayovuma hata kabla ya muziki kuanza. Kijana wa Newala anaifungua, anapima umeme unaotoka baada ya daiodi: volti 12, sawasawa. Mita imesema ukweli, ila haikumaliza. Anabana probu ya osiloskopu mahali hapo hapo. Osiloskopu imechomekwa kwenye laptopu, laptopu inatumia bando la simu, na programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali inamfikisha mwenzake aliye Masasi.

"Kaka, unaona?"

"Naona mstari tu. Tulia, dogo, usiguse kitu."

Kule Masasi anaondoa DC, ile volti isiyobadilika, ili abaki na kile kinachochezacheza juu yake, kisha anakuza kipimo. Mstari unaota migongo. Anaweka kila mraba wa skrini uwe milisekunde 5, anahesabu: kila baada ya miraba miwili, mgongo mmoja. Milisekunde 10. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kila mzunguko milisekunde 20, na daiodi nne zikiwa nzima hutoa migongo miwili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo daiodi zinafanya kazi. Kapasita inayopaswa kuisawazisha migongo hiyo ndiyo iliyokauka. Kama migongo ingekuja kila baada ya milisekunde 20, angeanza na daiodi. Huko ndiko kusoma wimbi, na mimi sijui kipaji kingine katika kazi za umeme kinachonivutia kuliko hiki cha kumtambua mgonjwa kwa mwendo wake.

Watu huuliza: mtandao ukisuasua je? Wimbi halisubiri mtandao. Osiloskopu hulinasa yenyewe na kulihifadhi kwenye kumbukumbu yake. Kinachochelewa ni picha. Hata amri zenyewe si mzigo. Tangu 1990 kuna lugha moja ya kuamrisha vifaa vya kupimia, iitwayo SCPI, na amri zake ni mistari mifupi ya maandishi. Palipo na mtandao dhaifu, mjuzi hutuma amri kisha akaomba picha moja iliyotulia badala ya video.

Wala si jambo la kubahatisha. Katika miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Makerere cha Uganda na Obafemi Awolowo cha Nigeria, vilishirikiana na MIT ya Marekani katika mradi wa iLabs, ambapo mwanafunzi aliendesha kwa intaneti vifaa halisi vilivyo katika maabara.

Sifa nyingine ni ya mkono ulioko Newala, maana simu haibani probu. Waya mfupi wa ethi wa probu, kwa osiloskopu nyingi zinazochomekwa ukutani, umeungana na ethi ya jengo. Ukiubana upande wa saketi uliounganika moja kwa moja na umeme wa gridi, ni shoti papo hapo. Volti 230 za ukutani kileleni hufika kama 325. Ndiyo maana kwenye kazi za namna hiyo naipenda zaidi osiloskopu ya betri isiyo na waya, iliyotengenezwa kwa volti hizo: fundi anazima, anabana, anarudi nyuma, anawasha, anasoma kwenye simu mikono ikiwa mbali.

Kapasita mpya ikishawekwa, aliye Masasi hakubali boksi lifungwe. Anataka singeli yenye besi nzito, sauti juu, maana mzigo ndio unaofichua ugavi dhaifu. Mstari ukibaki umenyooka, anahifadhi picha mbili, ya kabla na ya baada, na kumtumia kijana. Sabufa nyingine ikiletwa ikivuma, kijana ataanza kuzitazama hizo na kuhesabu miraba mwenyewe, kabla ya kupiga simu Masasi.