Trekta Ndani ya Duara la Fedha

Mwaka 1978 Tanzania ilitoa sarafu ya shilingi tano kwa ajili ya mkutano wa kanda ya Afrika wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Ilikuwa na pande kumi ukingoni, uso wa Mwalimu Nyerere upande mmoja na trekta upande wa pili. Haikuwa ya fedha, bali ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Katika eneo letu la Afrika Mashariki hiyo ndiyo sarafu iliyokaribia zaidi kuliheshimu trekta. Kiongozi alipata upande wake na mashine ikapata wake, lakini fundi wake hakupewa mahali.

Huku Kericho na Bomet, nchini Kenya, tukitaka sarafu ya fedha ya kuwaenzi wote wawili, trekta na fundi wake, tutakutana kwanza na Katiba. Kifungu cha 231 cha Katiba ya 2010 kinakataza noti na sarafu za Benki Kuu ya Kenya kubeba picha ya mtu yeyote. Ndiyo maana sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zina twiga, kifaru, simba na ndovu. Basi fundi ninayemfikiria, Harry Ferguson, mwana wa mkulima aliyezaliwa Ireland mwaka 1884, hawezi kuwekwa sura yake humo.

Kwangu kanuni hiyo inamfaa mchongaji. Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma kigumu inayokibana kisahani cha fedha kwa wakati mmoja, na fedha hutiririka kuingia katika mashimo ya nakshi. Uso ulioinuka sana ukikaa upande mmoja na trekta lililoinuka sana upande wa pili, pande zote mbili hugombea fedha ileile. Tairi hutoka bapa, na pengine kivuli cha uso huonekana upande usio wake. Tukiuondoa uso, mashine inapata fedha yote inayohitaji.

Lakini fundi ataonekanaje bila sura? Kwa alichokibuni. Matrekta ya zamani yaliburuta plau kwa mnyororo au ndoano. Plau ikigonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ikainuka, na trekta likaweza kumpindukia dereva. Ferguson alibuni mfumo wa kuifunga plau kwenye trekta kwa vyuma vitatu, viwili chini na kimoja juu, vinavyoinuliwa kwa nguvu ya mafuta yaliyoshinikizwa. Plau ikikwama, kile chuma cha juu husukuma mbele na kuikandamiza pua ya trekta chini. Msukumo huohuo huiambia pampu iinue plau kidogo. Uzito wa plau na wa udongo huhamia kwenye magurudumu ya nyuma, na trekta jepesi likafanya kazi ya trekta zito. Kati ya 1946 na 1956 trekta lake dogo la kijivu, TE20, lilitengenezwa Coventry, Uingereza, kwa idadi inayozidi 500,000. Mwaka 1953 kampuni yake iliungana na Massey-Harris, na kutoka hapo tukapata jina la Massey Ferguson, ambalo mkulima yeyote wa huku analijua.

Hapa ndipo mchoraji anapoweza kuteleza. Picha ya trekta iliyozoeleka katika mashamba makubwa ya Kericho ni ya tela lililojaa majani mabichi ya chai likielekea kiwandani. Ni picha nzuri, na majani ya chai hutokea vizuri mno kwenye fedha. Ila tela huvutwa kwa ndoano, jambo lililokuwepo kabla ya Ferguson. Sarafu ya namna hiyo ingemheshimu dereva na mchuma chai, nao wanastahili yao, lakini fundi angebaki nje tena.

Mimi ningelichora trekta kutoka nyuma kwa mshazari, likiwa na plau kwenye mteremko, na safu za chai zikijipinda nyuma yake kufuata ukingo wa sarafu. Jina lililo kwenye boneti litapotea, na sioni hasara. Kinachotia hofu ni vipimo. Sarafu nyingi za ukumbusho zina kipenyo cha milimita 38.61. Trekta la karibu mita tatu likibanwa katika milimita 28, chuma chenye unene wa sentimita 5 kinabaki karibu nusu milimita. Kwa nakshi nyembamba hivyo ningechagua fedha ya 999 kuliko ya 925. Ni laini zaidi, hujaza mianya kwa urahisi, na kisahani kikipigwa zaidi ya mara moja hata meno ya tairi hutokea. Anga ingeng'arishwa kama kioo, na trekta lenyewe liachwe na ukungu mweupe wa fedha isiyong'arishwa, unaokaribia sana rangi ya kijivu ya TE20.

Na kile chuma cha juu ndicho kiinuliwe kuliko kitu kingine chochote kwenye sarafu, ili mtu akiigeuzageuza chini ya taa, mwanga uanzie hapo.