Kusimama Dede Mara ya Pili

Siku ya kwanza hakumgusa mtoto. Tuliingia chumba cha mazoezi asubuhi, dada yangu amembeba mwanawe begani kama kichanga, na mtoto mwenyewe ana miaka mitatu. Yule mama wa mazoezi, mtu wa makamo, buibui lake amelitundika msumarini, alitukaribisha mkekani, naye akakaa mbele yetu. Akauliza mtoto alipenda kula nini kabla ya kuugua. Akauliza analala ubavu upi. Akauliza nani nyumbani humbeba zaidi. Muda wote huo alikuwa akimtazama: shingo inavyoanguka, kidole gumba cha mkono wa kulia kilivyofungiwa ndani ya ngumi, miguu inavyonyooka na kukakamaa mlango ukibamizwa. Mimi nilidhani tunapoteza wakati. Sikujua kwamba ameshaanza kazi.

Mtoto alikuwa ametoka kwenye malaria iliyompanda kichwani. Kwetu pwani mtoto akishikwa na homa akatupatupa viungo husemwa ana degedege, au nyuni, na wazee wetu walimtafuta ndege katika jina hilo kabla hawajamtafuta mbu. Bibi yake alisema ni nyuni, na sikumbishia, kwa kuwa ni yeye aliyekuwa wa kwanza kusema mtoto apelekwe hospitali. Katika malaria ya namna hiyo chembe za damu zilizoingiwa na vijidudu huganda kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, na damu hukosa njia. Alikaa siku mbili hajitambui. Alipofumbua macho tukashukuru, halafu tukaona kwamba haoni. Ukimwita aligeukia sauti, lakini ukimpungia mkono kimya kimya hakuwa na habari.

Uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa 2008, ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne wa umri wa kwenda shule alikuwa bado na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kumakinika. Wodini wanamwokoa mtoto asife. Kinachofuata huanzia mkekani, na hakina kengele wala mashine. Nacho ndicho nilichokaa nikakitazama kwa miezi tisa.

Kuhusu macho yule mama alituambia mapema: macho yenyewe ni mazima, kilichochoka ni pale ubongo unapopokea picha, na mara nyingi kuona hurudi. Akamwambia dada yangu avae leso moja, ile nyekundu, kila anapomlisha na kila anapomwogesha, ili ubongo upate kitu kimoja kikubwa cha kukamata. Katika wiki ya tano mtoto alianza kuifuata leso kwa macho. Uso wa mama yake aliutambua baadaye.

Ukitaka kuuona ustadi wa mama huyu, tazama mahali anaposhika. Mwanzoni alimkalisha mtoto katikati ya mapaja yake, amempa mgongo, na viganja vyake vikamshika chini ya makwapa, vidole vimetandazwa kifuani. Akawa anamyumbisha kidogo kulia, kidogo kushoto, taratibu mno. Kichwa kilichelewa kufuata, kikaanguka, kikainuka, kikafuata. Hakukishika. Mara nyingi dada yangu alinyoosha mkono akishike, na kila mara aliambiwa, “Ngoja, mama. Mwache akitafute mwenyewe.”

Baada ya wiki kadhaa niligundua kwamba viganja vimeshuka hadi kwenye mbavu. Hakuna aliyetangaza. Mwezi wa pili vilikuwa kiunoni, halafu vikafika kwenye nyonga, na kila viliposhuka, sehemu ya mwili iliyobaki juu yake ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe. Nimewahi kuwatazama mafundi wengi, waunda mashua na wachonga milango, na kwao wote mkono huongeza: huongeza msumari, ua, nakshi. Huyu kazi yake ilionekana kwa kile alichoacha kukishika.

Nyumbani tulikuwa na chupa ya maji ya plastiki aliyotutilia punje za mahindi, ikawa kayamba. Mtu mwingine angeiweka mbele ya mtoto, au angempa mkononi. Yeye aliiweka ubavuni, shubiri moja kupita pale mkono unapofika. Mtoto akajinyoosha, uzito ukahamia tako moja, mbavu za upande wa pili zikafunguka. Shubiri mbili zingemkatisha tamaa na nusu shubiri isingemfanya ainame. Kipimo hicho alikibadilisha kila siku bila kukiandika popote, na siku mtoto alipolala vibaya alijua, akairudisha karibu. Nilipomuuliza kwa nini tunahangaika na chupa wakati sisi tunataka mtoto atembee, alisema kutembea ni hiyo hiyo: uzito kuhamia huku, ukarudi huku.

Hapa nina kosa langu la kulisema. Mwezi wa tatu uvumilivu ulinishinda. Nikamshika mtoto mikono yote miwili, nikamwinua, nikamtembeza uani. Miguu ilipishana kama makasi, akasimama kwa ncha za vidole, na mimi nikaona ni hatua. Nilifanya hivyo siku nne. Siku ya tano tulipofika kwenye mazoezi, yule mama aliushika mguu wa kulia tu, akanyamaza kidogo, akauliza nani amekuwa akimwinua. Nikakiri. Hakunikaripia. Alinieleza kwamba msuli uliokakamaa ukiuvuta ghafla nao hukuvuta, na kwamba mtoto anayeinuliwa kwa mikono anajifunza kuning’inia, hajifunzi kusimama.

“Mjomba, lete mkono,” akasema. Aliuweka mkono wangu chini ya wake, kisigino cha mtoto ndani ya kiganja changu, unyayo umelala juu ya mkono wangu karibu na kifundo. Akanikataza kusukuma. Tukakaa. Nilihisi msuli wa nyuma ya mguu umekaza kama kamba ya tanga, na mkono wangu ukitaka kushindana nao. Wake haukutaka. Alikuwa akipumua pamoja na mtoto. Pumzi kumi, ishirini, sijui ngapi; kisha msuli ukaachia, mguu ukakunjika wenyewe kwenye kifundo, kisigino kikajaa kiganjani mwangu. Nina miaka zaidi ya hamsini na sikuwahi kujua kwamba mkono unaweza kusubiri namna ile.

Ujuzi huu una asili yake. Miaka ya 1940 Berta Bobath, aliyekuwa mkimbizi kutoka Berlin, alikuwa London akitafuta, pamoja na mumewe Karel aliyekuwa daktari, namna ya kumshika mtu aliyepooza ili mkakamao upungue na mwendo upate nafasi. Vizazi vya wataalamu vilijifunza mikono yao. Miaka ya karibuni utafiti umesogeza mkazo: ubongo hujifunza zaidi mtoto anapofanya mwenyewe kitu anachokitaka, tena mara nyingi mno, kuliko anapofanyiwa. Nilipoyasikia mabadiliko hayo sikuyaona kuwa ugomvi na nilichokiona mkekani. Mama huyu alijua kushika, na alijua vilevile kwamba anashika ili aachie.

Mkono wa kulia ndio uliochelewa kuliko vyote. Mtoto alikuwa ameshauzoea wa kushoto, na kila kitu alikimaliza nao, wa kulia umekaa ubavuni kama mgeni. Edward Taub, mtafiti wa Marekani, alionyesha kwamba kiungo kilichodhoofika hujifunza kutotumika, na kwamba ukikizuia kwa muda kile kizima, kilichosahauliwa hulazimika kurudi kazini. Kwetu kizuizi kilikuwa soksi. Mara mbili kwa siku, kwa kipindi kifupi kilichopangwa na tukiwa naye, mkono wa kushoto ulivishwa soksi, na mbele yake pakawekwa vipande vya embe. Embe lilichaguliwa kwa sababu ya lile swali la siku ya kwanza. Mara ya kwanza alilia mpaka bibi yake akaondoka ukumbini. Yule mama alikata vipande vikubwa zaidi, virefu, vinavyoweza kukamatwa hata na ngumi, na kilio kikaishia njiani, kwa kuwa kipande kimoja kilikuwa kimeshafika mdomoni.

Kiti cha mtoto nacho sitakipita. Yule mama alikitengeneza pamoja na akina mama wa pale, kwa maboksi, magazeti makuukuu na gundi ya uji wa unga wa ngano, ufundi alioueneza Bevill Packer kutoka Zimbabwe. Karatasi inabandikwa tabaka juu ya tabaka, kila moja ikauke vizuri, mpaka unapata ubao ambao mtu mzima anaweza kuukalia. Uzuri wake ni kwamba kiti kinamfuata mtoto mmoja. Alimpima kwa uzi wenye mafundo: kutoka nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, upana wa mapaja. Nyonga ikae pembe ya digrii 90, magoti vivyo hivyo, vifundo vivyo hivyo, na nyayo zikanyage. Mtoto aliyekaa hivyo hapigani na mgongo wake, na mikono inapata nafasi ya kucheza. Hata kumlisha kulibadilika. Tulikuwa tukimlaza pajani na kumpa uji kichwa kimeangukia nyuma, naye anakohoa, nasi tunampigapiga mgongo. Katika kiti, kidevu kimeinama kidogo, uji mzito, kijiko kikisubiri aumeze wa kwanza, kikohozi kilikwisha ndani ya siku chache.

Mtoto huyu alikuwa ameshasimama dede zamani, akiwa na miezi kumi, na sote tulipiga makofi bila kufikiri ni kazi gani iliyofanyika pale. Mwezi wa saba wa mazoezi alisimama dede mara ya pili, ameegemea benchi kwa tumbo. Viganja vya yule mama vilikuwa magotini mwake, kisha kimoja, kisha kidole kimoja nyuma ya goti la kulia. Baadaye ilikuwa leso iliyozungushwa kifuani, yeye akishika ncha zake nyuma, imelegea, haibebi kitu. Mtoto hakujua kwamba imelegea.

Maneno bado ni machache, na huenda tukawa na safari ndefu huko. Mkono wa kulia hufunguka polepole.

Mara ya mwisho niliyowasindikiza, yule mama aliiweka chupa ya mahindi upande wa pili wa mkeka, akamwomba amletee. Mtoto alikwenda, akichechemea, mikono juu. Akaiokota kwa mkono wa kulia, akageuka, na katikati ya njia ikamponyoka ikabiringika. Akayumba. Dada yangu aliruka. Yule mama, pasipo kumwangalia, alimdaka dada yangu kifundo cha mkono, akakishika palepale, imara, wakati mtoto akikunja magoti na kuinama.