Mafundi wa Jicho la Maji

Fundi wa chemchemi akifika penye kazi hagusi jembe. Katika vilima vya kuzunguka mji wa Kehancha, Kaunti ya Migori nchini Kenya, ambako familia nyingi bado huteka maji ya chemchemi na mito, fundi anayeijua kazi yake hutangulia kulikagua shamba lote lililo juu ya maji. Anataka kujua choo kimechimbwa wapi, ng'ombe wanapita njia ipi, nani amelima mpaka ukingoni, na ile mikaratusi iliyojipanga bondeni ilipandwa na nani. Choo kikiwa hatua chache tu juu ya jicho la maji, hakuna saruji itakayosaidia. Kihamishwe kwanza, kiwe umbali wa mita 30 au zaidi, au kazi isianze. Watu waliokuja na sururu begani hukereka, kwa kuwa walitarajia ukuta uanze kupanda asubuhi hiyohiyo.

Akisharidhika huomba mtungi wa lita 20 na simu ya kuhesabia sekunde. Mtungi ukijaa kwa dakika moja, chemchemi hiyo inatoa lita 28,800 kwa siku, yaani mitungi 1,440, na sehemu ya maji hayo hutoka usiku wakati kijiji kimelala. Kipimo kinachoaminika ni cha mwisho wa kiangazi. Chemchemi ya mwezi wa Mei humdanganya kila mtu, na wanasiasa ndio wanaodanganyika wa kwanza.

Baada ya hapo jembe hushuka, lakini kwa adabu. Fundi hufukua kurudi nyuma kuelekea mlimani, akiyafuata maji yanakotoka, huku akitoa tope, majani yaliyooza na mizizi kidogo kidogo, kama mama anayemtoa mwanawe mwiba mguuni. Anatafuta mahali ambapo maji yanatokeza safi katikati ya changarawe au kwenye ufa wa mwamba. Chini ya hapo huwa pana tabaka gumu la udongo au jiwe, nalo ndilo linaloyazuia maji yasizame. Tabaka hilo halichimbwi. Kijana mwenye nguvu na haraka akilitoboa kwa sururu, maji yatapata njia ya kwenda chini, na hakuna atakayeyarudisha. Ndiyo maana mafundi wazuri hupenda kuishika wenyewe sehemu hii ya kazi, hata kama wana vibarua kumi.

Kinachonivutia zaidi ni suala la bomba. Mwanagenzi hutaka bomba liwe juu ili ndoo ikae kwa raha chini yake. Hujenga ukuta, akaliinua bomba, na maji yakajaa nyuma ya ukuta mpaka yakalifunika jicho. Wiki chache mambo huwa mazuri, watu wakapiga picha. Lakini maji yale yaliyojaa yanalisukuma jicho lenyewe, nayo chemchemi haipendi kusukumwa. Hutafuta ufa mwingine, ikatokeza katika shamba la jirani au isitokeze popote. Fundi mzoefu huliweka bomba chini ya usawa wa jicho, tena bomba pana kuliko inavyoonekana kuhitajika, ili maji yasingoje hata mara moja. Nafasi ya ndoo huitafuta kwa kuchimba chini mahali pa kusimama na kujenga ngazi za mawe. Anayeteka ndiye anayeshuka, na maji hubaki katika kimo chake.

Nyuma ya ukuta hupangwa mawe makubwa yaliyooshwa, halafu madogo, halafu kokoto. Juu yake huja udongo wa mfinyanzi, unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka ili maji ya mvua yasipenye. Udongo huo nao hupimwa. Fundi huchukua tonge moja, akalisokota viganjani mpaka likawa kama uzi mnene, kisha akalikunja. Likikatika, lina mchanga mwingi, na kibarua anatumwa akatafute kwingine. Likikubali kupinda bila kupasuka, linafaa. Hapo hatumii mashine wala karatasi ya maabara, na bado jibu lake ni la kutegemewa.

Mwisho hupandwa nyasi, hujengwa ua, na juu zaidi mlimani huchimbwa mtaro wa kuyachepua maji ya mvua yasipite juu ya jicho. Maji yanayobaki hayapotei. Kwa Wakuria, wenyeji wa vilima hivi na watu wa ng'ombe tangu zamani, mpango wowote unaomsahau ng'ombe hauishi mwaka, maana ua utavunjwa. Kwa hiyo maji ya ziada huelekezwa kwenye birika la mifugo lililo chini kabisa, na yakitoka hapo yanaweza kunywesha kitalu cha miche au shamba dogo la nduma. Kazi ikiisha, anayepita huona ukuta mfupi, bomba, ngazi na nyasi. Ufundi wenyewe umezikwa.

Faida yake imewahi kupimwa kwa makini. Mchumi Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na wenzake walizifuatilia takriban chemchemi 200 magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Kuikinga chemchemi kulipunguza uchafu wa kinyesi katika maji ya chanzo kwa takriban asilimia 66, na ugonjwa wa kuhara kwa watoto ukapungua kwa kama robo. Lakini nyumbani, katika maji yaleyale yaliyokwisha kubebwa na kuwekwa, uchafu ulipungua kwa asilimia 24 tu.

Tofauti hiyo hupotelea njiani na jikoni. Mtungi hufunikwa kwa majani, kikombe huchovywa na mkono ulioshika kila kitu, na mtoto huchota kwa kopo lililokuwa sakafuni. Wanawake wengi wa pande hizi wanajua dawa yake bila kufundishwa na mtafiti: mtungi usuguliwe ndani kwa mchanga na maji, uwe na kifuniko chake, na maji ya kunywa yamiminwe, yasichovywe. Maji yaliyooshea mboga huenda kwenye kitalu cha sukuma wiki, na ya kufulia hutumika kukoshea choo. Nguo hazifuliwi kwa sabuni ndani ya mto. Mambo madogo haya hayaandikiwi kibao cha mfadhili, ila bila yayo nusu ya kazi ya fundi inamwagika.

Chemchemi pia hulishwa na mlima ulio juu yake, na mlima una mafundi wake. Chombo chao ni fito tatu zilizofungwa zikawa na umbo la herufi A, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Uzuri wake uko katika namna ya kukisahihisha. Unaisimamisha miguu miwili juu ya vigingi viwili na kutia alama pale kamba inapokata ufito wa kati. Unakigeuza chombo, mguu wa kulia ukae pa kushoto, unatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa wa kweli ulipo. Hata kama fundi alikosea kidogo akakata mguu mmoja mfupi, haidhuru, kwa kuwa kosa limejirekebisha lenyewe. Pimamaji ya dukani haina ukarimu huo.

Kwa chombo hicho mtu hukivuka kilima chote akipigilia vigingi kwenye kimo kimoja, kisha mtaro huchimbwa na udongo wake kutupwa upande wa juu. Hii ndiyo fanya juu, mbinu iliyoipa Machakos sifa na ambayo wataalamu wa ng'ambo huiandika kwa jina hilohilo la Kiswahili. Juu ya tuta hupandwa nyasi za nepia za ng'ombe. Mvua ikinyesha, maji husimama na kuzama badala ya kukimbia, na mwaka hadi mwaka udongo hujaa nyuma ya tuta mpaka mteremko ukaanza kusawazika. Maji yaliyozama hapo ndiyo atakayoyateka mtu bondeni mwezi wa Januari.

Pasipokuwa na matuta, udongo husafiri. Mto Migori huubeba ukaungane na wa Mto Kuja. Kwenye Mto Kuja wenyewe ndiko liliko bwawa la Gogo, lililojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya kituo kidogo cha umeme cha megawati 2. Bwawa hilo limejaa tope kiasi cha kubakiza nafasi ndogo sana ya maji. Tope la Gogo lilikuwa shamba la mtu.

Halafu kuna tumbaku, iliyolimwa Kuria kwa mkataba tangu miaka ya 1970. Majani yake hukaushwa katika tanuri za kuni, na kuni zikaleta mikaratusi, mti unaokua upesi kwa sababu unakunywa upesi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Agizo lilizua kelele nyingi, na mingi ingali imesimama. Sidhani mti una kosa. Ukipandwa mlimani kwenye mawe, mbali na maji, ni mti mzuri wa kuni na nguzo. Kandokando ya jicho la maji panafaa mkuyu au mwanzi. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka hifadhi ya kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, kutegemea upana wake. Tangu 2022 kumekuwa na mradi wa serikali na Umoja wa Mataifa katika Kaunti ya Migori wa kuwasaidia wakulima kuiacha tumbaku wapande maharage yenye madini mengi ya chuma. Kila tanuri linalozimwa linaipunguzia mikaratusi wateja.

Jambo moja fundi wetu haliwezi. Zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu katika machimbo madogo ya kaunti hii ikishaingia kwenye maji, kokoto hazitaichuja na kuchemsha hakuiondoi. Hiyo ni kazi ya sheria na ya wachimbaji wenyewe, ifanyike machimboni kabla maji hayajaondoka.

Kwa chemchemi ambazo tayari zina ukuta, kinachoziua mara nyingi ni uvivu: ua umeanguka, mtaro wa juu umejaa tope, maji ya mvua yanapita moja kwa moja juu ya jicho. Mvua ndefu huanza Machi. Basi Februari watu wanne waende na majembe, wauzibue mtaro, wafunge ua, na wang'oe miti yoyote iliyoota juu ya ule udongo wa mfinyanzi kabla mizizi yake haijaupasua. Ni kazi ya asubuhi moja.