Kuwinda Maneno Katika Herufi

Watu wengi hudhani kwamba ajuaye kutoa maneno mengi katika herufi chache ndiye ajuaye Kiingereza. Dhana hiyo huishi katika vyumba vya walimu na katika mabweni pia, na kwa kuwa huwatumia watoto werevu jioni zao nyingi, yafaa tuipime.

Chukua herufi nne: o, p, s, t. Zaweza kupangwa kwa namna 24, na katika hizo Kiingereza hukubali sita: stop, spot, post, pots, tops na opts. Herufi sita za neno listen zapangika kwa namna 720, na katika bahari hiyo huvuliwa silent, enlist, tinsel na inlets. Zikiwa saba zisizofanana, hesabu hupanda hadi 5,040. Kwa hiyo hapana mwenye akili timamu atafutaye kwa kujaribu kila mpango. Mtafutaji hodari huziweka herufi zake kwa utaratibu wa alfabeti. Listen huwa e, i, l, n, s, t. Silent nalo huwa e, i, l, n, s, t. Na papo hapo undugu wao hudhihirika. Hila hiyo ni njema, walakini angalia: yaweza kutendwa na mtu asiyejua maana ya hata neno moja kati ya hayo.

Mchezo ulioeneza homa hii ni Scrabble. Alfred Butts, msanifu wa majengo wa New York, alikosa kazi wakati wa mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, naye akakaa akahesabu herufi katika kurasa za gazeti ili ajue ipi hutumika sana na ipi ni adimu. Kwa hesabu hiyo e ikapata vipande 12 katika 100, nazo q na z zikapata kimoja kimoja chenye alama 10. S alizifanya nne tu, asije mchezaji mvivu akabandika s mwishoni mwa kila jina akajiona mshindi. Mwaka 1948 James Brunot aliupa mchezo huo jina tulijualo leo. Ni kazi ya fundi mwenye jicho. Lawama yangu ni juu yetu sisi, tuliouvika mchezo joho la mwalimu.

Tazameni yatokeayo. Mwanafunzi apendaye mashindano hukariri kwanza maneno mafupi ya ajabu. Hukariri cwm, lisilo na irabu hata moja, wala haulizi kwamba ni bonde la milimani na kwamba lilitoka Wales. Hukariri aa, wala haulizi kwamba ni mawe ya volkano yenye makali, jina lililotoka Hawaii. Mwambie aandike barua ya kuomba kazi, kalamu husita. Na lililo baya zaidi, nimepata kumwona mwandishi hodari wa insha akijiita mjinga kwa sababu ameshindwa mezani na mwenzake asiyeweza kuunga sentensi tatu. Orodha itumikayo katika mashindano ya kimataifa ina maneno zaidi ya 270,000. Hapana binadamu ayasemaye yote, na orodha yenyewe haidai kusemwa. Hudai kukumbukwa tu.

Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huu kwa Kifaransa, na Kifaransa hakujua kukisema. Alikuwa ameyakariri maneno kwa maumbo yao, kama mtu akaririvyo nambari. Mwaka 2024 akatwaa na ule wa Kihispania. Kumbukumbu ile ni kipawa, nami naistahi. Lakini haikumpa uwezo wa kuzungumza na Mfaransa. Mwaka uo huo wa 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa Kiingereza, huko Perth, Australia. Wako waliosema kwamba hiyo ni dalili ya Kiingereza kuwa chetu. Mimi naiona kuwa dalili ya bidii, hesabu na mazoezi, mambo ambayo hatukuhitaji kuyaazima kwa mtu.

Je, msako huu hauna faida kabisa? Unayo, ikiwa mtafutaji atatafuta kwa viungo vya neno. Herufi a, e, g, i, n, r, t zikiwekwa mbele yenu, tengeni kwanza -ing. Zitabaki a, e, r, t, na tearing itatokea mara moja, yaani kupasua. Herufi zizo hizo zina granite, jiwe gumu la kujengea. Zina tena ingrate, mtovu wa shukrani, na hapo ndipo mwalimu aanze kazi, maana neno hilo ni jamaa ya grateful na gratitude. Mtoto aliyeuona ukoo huo amepata maneno matatu pamoja na maana zake. Aliyeandika alama zake akageuza ukurasa hakupata kitu.

Nao wasemao kwamba starehe hii ni ya Kiingereza peke yake hawajatazama nyumbani. Herufi a, i, l, m hutupa mali, mila, lima, lami na imla: maneno matano, pungufu kwa moja tu ya yale ya stop. Tena sikilizeni: geuza silabi za lima, hupata mali, geuza za mila, hupata lami. Hicho ndicho kinyume, usemi wa mafumbo wa watu wa pwani, ambao Edward Steere aliuandika katika kitabu chake cha Kiswahili cha mwaka 1870. Wapwani hawakuhitaji karatasi. Walicheza kwa silabi, kwa sikio, na kwa kasi ya maneno yatokayo kinywani. Imla tu ndilo lililokataa mgeuzo huo, kwa kuwa ni mgeni aliyekuja na konsonanti zake mbili zikifuatana.

Basi mfuko wa vipande vya Kiingereza hautufai kwa Kiswahili. Una k moja tu, sisi ambao hatuwezi kutaja kiti, kitabu wala kikombe bila hiyo. Na una q na x, ambazo hatuna kazi nazo. Atakaye kujichongea mfuko wake afanye kama Butts: achukue gazeti la Taifa Leo na penseli, aanze kuhesabu. Herufi a itamchosha kabla hajafika katikati ya ukurasa.