Mkono Unaojua Kuacha

Songwe tuna jiwe kubwa ambalo kwa kweli si jiwe. Kimondo cha Ndolezi, wilayani Mbozi, kina urefu wa mita tatu hivi, na karibu chote ni chuma pamoja na nikeli kidogo. Mwaka 1930 mtaalamu wa miamba, D. R. Grantham, alitaka kipande cha kupeleka kupimwa. Alikaa na msumeno wa mkono saa 10 nzima ndipo akapata kipande cha sentimita 10 hivi. Wageni wengi wanaofika pale hushangaa ukubwa. Mimi hutafuta alama ya msumeno.

Ukitaka kuona jiwe linaloelewana na mkono, itabidi uende mbali, mpaka Tabaka kwenye vilima vya Kisii, Kenya. Jiwe la huko likitoka machimboni na unyevu wake, kisu kinaliingia. Lipo jeupe, lipo la waridi, lipo la kijivu, na mara nyingine rangi mbili zimeingiliana katika bonge moja. Wagusii walikuwa wakichonga bakuli na vyombo vingine vya nyumbani muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza kuuliza bei, na kazi hiyo bado ni ya familia: kwa kawaida wanaume huchimba na kuchonga, wanawake huosha na kupiga msasa, watoto wakitoka shule hushika vipande vidogo.

Fundi huanza kwa kugonga. Jiwe zima hulia kwa sauti kali. Lenye ufa ndani hujibu kwa sauti butu, na ni heri kulijua hilo leo kuliko wiki ijayo. Kisha huja panga, lilelile la shambani, la kupunguza pembe mpaka umbo lianze kuonekana. Baada yake patasi, visu na tupa. Chukua ile sanamu ya familia ambayo Tabaka huichonga kwa wingi, baba, mama na mtoto waliokumbatiana katika jiwe moja. Uwazi ulio kati ya mkono wa mama na shingo ya mtoto hutobolewa kidogo kidogo kwa ncha ya kisu, vumbi likipulizwa kila baada ya mikwaruzo michache. Pigo moja la haraka, mama hana mkono, na hakuna gundi itakayomdanganya mnunuzi mwenye macho.

Halafu beseni la maji. Msasa wa kukwaruza kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, maji yakigeuka meupe kama uji. Rangi ya jiwe, iliyokuwa imefichwa na vumbi, hujitokeza hapo. Lakini maji nayo hudanganya: jiwe likikauka, mkwaruzo ambao hukuuona unaonekana, na msuguaji anarudi kwenye msasa wa kwanza bila kusema neno. Mwisho hupakwa nta. Nina nung'uniko langu hapa. Maonyesho hutaja jina la mchongaji, na aliyeloweka mikono siku nzima hatajwi, wakati kitu cha kwanza mnunuzi anachokigusa ni kazi yake.

Elkana Ong'esa alitoka katika mazingira hayo. Alizaliwa Tabaka mwaka 1944 katika ukoo wa wachongaji, akasoma Makerere, kisha McGill kule Kanada. Ndege wake wa Amani, anayechomoza kutoka kwenye yai la jiwe, yuko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe la sanamu kubwa halipakatwi tena mapajani. Mchongaji ndiye anayelizunguka. Na kila kilicho chembamba ni hatari. Yai basi ni chaguo la mtu anayelijua jiwe lake: halina ncha ya kukatika, uzito wote umejikusanya katikati.

Hesabu ya namna hiyo aliipiga pia Cliff Fragua wa Jemez Pueblo, New Mexico, alipochonga sanamu ya Po'pay kwa marumaru ya waridi ya Tennessee. Tangu 2005 imo katika jengo la Bunge la Marekani. Po'pay aliongoza Wapueblo, wenyeji wa huko New Mexico, kuwafukuza Wahispania mwaka 1680, na hakuna picha yake iliyobaki. Fragua akamtambulisha kwa alama: mkononi kamba yenye mafundo, ya kuhesabia siku za kuanza uasi, nyuma yake chungu, na mgongoni makovu ya mijeledi ya Wahispania. Hayo makovu ndiyo yanayonisimamisha. Mchongaji akitaka kovu liinuke kwenye marumaru, hana cha kubandika. Lazima apunguze ngozi yote inayolizunguka, na aache kovu pale lilipo.

Kujua mahali pa kuacha hakufundishwi kwa maneno. Mtoto wa Tabaka huanza kwa kusugua, kisha hupewa masalia achonge mnyama. Ningekuwa mimi mwalimu ningeanza na kiboko: miguu mifupi, shingo karibu haipo, masikio ni vinundu viwili tu. Twiga angesubiri. Na hata shingo ya twiga ikivunjika, kiwiliwili kilichobaki kinatosha kiboko.