Sikio la Fundi

Fundi alinionya mapema: mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Tulipoingia uani saa moja asubuhi, mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye rangi ya buluu na magurudumu ya dhahabu. Yeye alilaza kiganja juu ya boneti akatulia, kama mzazi anayempima mtoto homa. Chuma kilikuwa baridi.

"Hapo sawa," akasema. "Injini ikipashwa moto kabla ya mgeni, ujue kuna jambo linafichwa."

Gari lenyewe lilikuwa Subaru Impreza WRX STI ya 1999, nalo lilikuwa limetembea kilomita 48,000 tu. Namba zake bado ni za herufi A, na kwa mtu wa Dar es Salaam hicho ni cheti cha kuzaliwa tosha. Mwenyewe alikwenda kufanya kazi Muscat akaliacha chini ya turubai. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akiliwasha mara mojamoja. Mjini humohumo kulikuwa na jingine lililokuwa likinisubiri, WRX S4 ya 2016, otomatiki, kilomita 70,000, limeshushwa bandarini mwaka ule nilipokuwa nikitafuta gari. Bei zilipishana kidogo. Nilikuwa na akiba ya gari moja, na wiki tatu nzima sikulala vizuri.

Mapenzi yangu kwa lile la zamani yana historia. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kule Kenya akiwa na Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena kwa gari la ukoo huohuo. Sisi vijana wa Moshi tulifuata habari zile redioni, halafu tukakaa barabarani jioni tukingoja yeyote mwenye Subaru apite, tumsikie. Maana gari lile lilisikika kabla halijaonekana. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande, pistoni zikirushiana ngumi kama mabondia. Mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda hizo hayakulingana urefu, kwa hiyo pumzi zake ziliwahiana na kuchelewana, ukapatikana ule mngurumo wa kukatakata. Wahandisi walipokuja kuyasawazisha mabomba kwenye matoleo ya baadaye, turbo ilifaidika na mngurumo ukapotea.

Lakini mapenzi hayanunui gari. Hapo ndipo ninapotaka kumsifu fundi, na sifa hizi nimekaa nazo muda mrefu.

Alianza na tairi. Meno yalikuwa marefu, nami nikafurahi. Akapiga goti, akafuta vumbi ubavuni, akanionyesha tarakimu nne: 2308. Wiki ya 23, mwaka 2008. Akabonyeza mpira kwa ukucha, ukucha haukuingia. "Hizi hazijaisha, zimekufa," akasema. Akaingia ndani, akavuta mkanda wa kiti hadi mwisho akasoma kitambulisho chake, akatazama mpira wa pedali ya klachi, akapapasa usukani pale mkono wa dereva unapozoea kukaa. Alikuwa akiulinganisha ushahidi. Kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye haraka ya kuuza. Kufanya pedali, usukani, kiti na bawaba za mlango viongee uongo mmoja ni kazi ngumu zaidi. Hapa vyote vilikubaliana. Gari lilikuwa limetembea kidogo kweli.

Na ndilo lililomtia wasiwasi. Mimi niliona kilomita chache nikaona ujana. Yeye aliona miaka ya kukaa. Oili ikikaa, hutelemka ikaviacha vyuma vikavu. Mpira wa mabomba ya maji hukauka ukapasuka ndani kwa ndani. Oili ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha kunywesha chochote. Petroli huchacha tangini. Gari linalokwenda kazini kila siku huonyesha maradhi yake, likatibiwa, lililolala huyalimbikiza. Alifungua kifuniko cha oili akachungulia kama kuna ukungu wa rangi ya chai ya maziwa, ile dalili ya maji kuingia kwenye oili. Haukuwepo. Akanusa. Ndipo akamwambia mdogo wa mwenye gari, "Washa sasa, mwanangu."

Injini iligonga kidogo, kokoto ndani ya kopo, kisha ikatulia kadiri ilivyopata moto. Fundi alichukua bisibisi ndefu, ncha akaisimamisha juu ya chuma cha injini, mpini akaubana sikioni. Akafumba macho. Akahama upande mmoja, akasikiliza. Upande wa pili, akasikiliza. Kwenye alternata, kwenye turbo. Sikuthubutu kukohoa. Nimewahi kumwona muunda majahazi Bagamoyo akigonga mbao kwa kifundo cha kidole kutafuta palipooza, na uso wake ulikuwa huuhuu.

Baadaye kidogo, injini ilipopoa, alitoa plagi. Kwenye gari la silinda zilizolala, plagi zinatazama ubavuni, zimebanwa na bodi, mkono unapita kwa kuomba. Vidole vyake vilifanya kazi pasipo macho. Akazipanga nne juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, zote za rangi moja ya kahawia hafifu. Akapima kompresheni, namba nazo hazikupishana sana. Alichukua karibu saa tatu kwa gari ambalo mimi ningelinunua kwa dakika kumi.

Lile jipya tulilitazama jioni. Wala hakulidharau, na sipendi mafundi wanaodharau magari mapya kwa sababu tu hawajayasomea. Kijana wake alichomeka kompyuta chini ya dashibodi, wakasoma pamoja, kichwa kwa kichwa, mzee akiuliza na kijana akijibu kwa heshima, "Hii hapa, baba, presha ya turbo." Gari lilikuwa na nguvu za farasi 300, lile la zamani 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikivuke na wakakishika hadi 2004. Hili jipya lina mnyororo wa taiming pale ambapo la zamani lina mkanda. Lina macho mawili juu ya kioo yanayoona gari la mbele na kufunga breki. Lakini lina uzito wa zaidi ya kilo 1,500, robo tani na ushee zaidi ya kaka yake, na halina klachi. Fundi aliendesha, akaridhika, akashuka.

"Hili litakufikisha Dodoma salama kuliko lile," akaniambia. "Ila likinung'unika, kompyuta ndiyo itakayosikia kwanza. Lile la asubuhi nitalisikia mimi."

Nikamuuliza yeye angechukua lipi. Akakataa kunijibu. Alisema kazi yake ni kunionyesha kilichopo, pesa ni yangu na barabara ni yangu. Nimekuwa nikiufikiria uungwana huo tangu siku ile. Dalali angenijibu.

Nilichukua la zamani, kwani la umri wake si rahisi kulipata tena. Jirani zetu wa Kenya hawaruhusiwi kuingiza gari lililozidi miaka 8, Uganda mwisho ni 15. Kwetu laingia, kwa kodi ya ziada ya uzee. Kila moja linalokufa katika nchi hizi linaacha pengo, na nilitaka hili libaki mikononi mwa mtu anayelisikia.

Sharti la fundi lilikuwa moja: nisiliendeshe hata hadi Mbagala kabla hajabadilisha mkanda wa taiming. Kiwandani walisema mkanda huo uende kilomita 100,000, na huu ulikuwa haujafika nusu. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana, na injini hiyo kwaheri. Alipoutoa, ulionekana mzima. Akaukunja kinyume, meno nje, na katikati ya kila jino na jirani yake ukafunguka ufa mwembamba kama wa kisigino cha mkulima. Hakusema kitu. Akaniwekea mkononi.

Mkanda mpya ulipokaa, alama zote zikalingana, niliingiza mkono mfukoni kutafuta ufunguo. Akaniashiria ningoje. Akashika spana ndefu, akaigeuza injini kwa mkono, polepole, mzunguko mmoja, kichwa kimeinama. Akapumzika. Mzunguko wa pili. Alama zikarudi mahali pake.

"Haya," akasema, akijifuta mikono. "Sasa mpe sauti yake."